Jirani wa Kushoto wa Chuma

Mkinikuta nimeinamia ndoo ya maji nayachungulia kabla ya kuchota, msinicheke, wala msidhani uzee umeanza kunichezea. Ni maradhi ya kazi. Mtu aliyemaliza ujana wake kwenye maabara ya shule hayaamini maji mpaka ayaulize: mmetoka wapi, mmepita wapi, mmembeba nani humo ndani? Maji ni kama abiria wanaoshuka stendi ya Msamvu. Ni wachache mno wanaofika mikono mitupu.

Nilikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya wasichana hapa Morogoro, chini ya mlima. Msinichanganye na mwalimu. Mwalimu ndiye anayeeleza. Fundi wa maabara ndiye anayehakikisha kwamba kinachoelezwa kinatokea. Mwalimu akisema, "Sasa itageuka bluu," halafu isigeuke, darasa zima humtazama mwalimu, na mwalimu hunitazama mimi. Nimetazamwa sana katika maisha yangu.

Sasa nyinyi mnaosoma kemia mnanijia na lalamiko moja kila mwaka: lile eneo la katikati ya jedwali la elementi, metali za mpito, halikaririki. Upande wa kushoto mnauweza, upande wa kulia mnauweza, mkifika katikati mnaona ukuta wa majina. Wajukuu zangu, halikuwekwa pale likaririwe. Mimi mtaa ule niliujua kwa msaada wa watu wawili. Mmoja ni mzee aliyeuchora ukutani kwa rangi za nyumba. Wa pili ni dobi wa Kihonda aliyekaribia kuuhama mji kwa sababu ya mkazi mmoja tu wa mtaa huo.

Lakini udadisi wenyewe niliutoa kwetu Mgeta. Baba alilima viazi na kabichi kwenye miteremko ambayo ukiangusha kiazi unakifuata kwa mjomba. Majani ya viazi yakianza kuungua kwa ukungu, baba aliloweka mrututu, akachanganya na chokaa, akapulizia. Mrututu ni yale mawe ya bluu mnayoyaona kwenye maduka ya pembejeo. Bluu yake sikuwahi kuiona kwenye ua wala kwenye ndege. Nikamuuliza baba, "Hii bluu nani kaipaka?" Baba akajibu, "Ni shaba." Nikakimbilia jikoni kutazama sufuria ya bibi ya shaba, nikaikuta nyekundu kama siku zote. Nikarudi shambani kumwambia baba kwamba amedanganywa dukani. Alicheka mpaka akaweka bomba chini. Hakuweza kunieleza, ila hakunikataza kuuliza, na hilo ninamshukuru mpaka leo.

Miaka ikapita, nikaajiriwa, nikamkuta Mzee Kibwana. Ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa maabara ile, mtu wa Matombo, mfupi, mpole kwa watu na mkali kwa chupa. Chupa isiyo na jina aliisema kama mtoto asiyesalimia. "Huyu ni nani? Mbona kaingia hapa hajajitambulisha?" Alinifundisha kwamba dawa hainuswi kwa kuingiza pua kwenye mdomo wa chupa; unapunga mkono, hewa ikufuate yenyewe, kidogo. Alinifundisha kumimina tindikali kwenye maji na si maji kwenye tindikali. Alinifundisha pia kuvaa glavu, ingawa somo hilo lilichelewa kuniingia.

Lilichelewa hivi. Kulikuwa na dawa yenye fedha ndani yake, fedha ile ya mkufu. Ilinimwagikia vidoleni, nikaona ni maji tu, nikajifuta kwenye koti. Nilipotoka juani vidole vikaanza kuwa vyeusi, na kesho yake vilikuwa kama nimechovya kwenye masizi. Sabuni haitoi, mchanga hautoi. Na siku hiyo ndiyo wakwe zangu watarajiwa walikuwa wanakuja kuniona kwa mara ya kwanza, kutoka Kilosa. Mama mkwe akanishika mkono, akaugeuzageuza, akasema, "Piko zuri hili. Lakini binti, nyinyi si wa kanisani? Kakupaka nani?" Nikamjibu, "Kazi, mama." Nadhani aliondoka akiamini kwamba Kazi ni jina la jirani yangu Mwislamu.

Mzee Kibwana alipoviona vile vidole hakunigombeza. Alinipeleka ukutani.

Kwenye ukuta wa nyuma wa maabara alikuwa amechora jedwali lote la elementi kwa mabaki ya rangi za milango na madirisha. Pembeni aliandika majina tu. Katikati ndipo alipojimaliza. Kila elementi aliipa nyumba yenye namba yake ya kwenye jedwali, na kila nyumba aliipaka rangi inayotokea elementi hiyo ikiyeyushwa au ikiungana na wenzake. Shaba bluu. Nikeli kijani. Kobalti upande mmoja waridi, upande wa pili bluu. Chuma kahawia. Manganisi zambarau, na kona moja nyeusi. Kromi rangi ya chungwa na kijani. Vanadi aliipa mistari mingi mpaka ikafanana na doti ya khanga. Nyumba mbili tu, ile ya mwanzo kabisa wa mtaa na ile ya mwisho, aliziacha bila kupaka kitu. Nilidhani rangi zilimwishia, nami nikaona si adabu kumuuliza.

"Huu ni mtaa," aliniambia. "Kushoto kule wanakaa wenye hasira. Sodiamu, potasiamu. Ukiwatia kwenye maji wanawaka. Kulia kule wanakaa wasio metali kabisa. Ukitoka kushoto kwenda kulia, lazima upite hapa. Ndiyo maana wakaitwa wa mpito."

"Na mbona wanafanana, mzee? Chuma, kobalti, nikeli, ukivitazama hivi vyote vya kijivu."

"Kwa sababu mgeni akija hawamweki barazani. Elementi nyingine zikiongezewa elektroni, zinaiweka nje, kila mpita njia anaiona, tabia inabadilika moja kwa moja. Hawa wa hapa barazani pao pana watu wawili, basi. Kila mgeni mpya anaingizwa chumba cha ndani. Kwa nje nyumba zinaonekana zilezile, lakini ndani idadi ya watu si moja. Wakorofi ni wawili, kromi na shaba. Hao humtoa mmoja barazani wakamwingiza ndani." Akanitazama vidole. "Na fedha yako iko hapo chini, mtaa wa pili, nyuma ya nyumba ya shaba. Ndugu hao. Wakiguswa hawasahau."

Chumba hicho cha ndani ndicho kinachotoa rangi, alisema. Jinsi hasa inavyotokea nilikuja kusikia baadaye kwa walimu, mambo ya mwanga kunaswa na elektroni zikiruka kutoka daraja moja hadi jingine. Lakini picha ya baraza na chumba cha ndani haijaniacha.

Mzee Kibwana alistaafu, na baada ya muda akafariki, nikafiwa na mtu niliyempenda. Halafu shule ikafanyiwa ukarabati. Nilirudi kutoka likizo nikakuta ukuta wa nyuma umepakwa rangi nyeupe, safi, inang'aa, na juu yake limebandikwa jedwali jipya la kuchapwa, zuri tu, lenye maandishi madogo. Nilikaa kwenye kiti nikalia. Mwalimu mpya wa kemia, Mwalimu Neema, aliogopa akadhani nimepata msiba. Nilipotulia nikasoma lebo ya ndoo ya rangi iliyobaki, na nikajikuta nacheka katikati ya machozi. Weupe wa rangi ile ulitokana na titani. Mkazi wa nyumba ya ishirini na mbili alikuwa ameufunika mtaa mzima.

Hapo ndipo linaingia jambo la Mwajuma.

Mwajuma ni jirani yangu Kihonda, mdogo kwangu kwa umri, mjane, dobi. Si dobi wa mashine. Ni dobi wa beseni, kamba na pasi ya mkaa, na nguo zake nyeupe zilikuwa zinajulikana. Mtu akivaa kanzu iliyotoka kwa Mwajuma, hakaribii ukuta. Kwa mikono ile amelea watoto wake na kuwasomesha.

Kihonda, kama mjuavyo, maji ya bomba yana ratiba zake. Mwajuma akajibana, akachimbiwa kisima kirefu nyumbani kwake, akaweka tangi jeusi la plastiki juu ya mnara wa matofali. Siku maji yalipotoka tulipiga vigelegele mtaa mzima. Yalikuwa meupe, baridi, matamu. Hakuna aliyeyadhania vibaya, na mimi mchunguliaji niliyachungulia nikayapitisha.

Basi nguo zikaanza kubadilika. Kwanza njano kidogo kwenye kola. Mwajuma akaongeza sabuni. Halafu madoa ya kahawia. Akaongeza blichi, dawa ya kung'arishia nguo, kama dobi yeyote angefanya. Kadiri alivyoongeza, nguo zilizidi kuwa kahawia. Wateja wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema maji ya kisima kile yamechimbwa juu ya kaburi. Mwingine akasema si maji, ni mikono yake ina nuksi tangu afiwe na mume. Maneno ya namna hiyo hayahitaji mbolea, yanaota yenyewe.

Akanijia alasiri moja, beseni kichwani limefunikwa khanga.

"Hodi dada. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu, Mwajuma."

"Funga mlango kwanza."

Nikafunga. Akafunua khanga. Zilikuwa kanzu ndogo ndogo, za watoto wa madrasa. Ustadhi alimpa afue kwa ajili ya Maulidi, watoto wasimame mbele ya watu na kusoma. Kanzu zote zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na nyingine zina mabaka meusi kifuani.

"Nimezitia blichi mara ya kwanza, zikawa hivi. Nikatia tena, dada, nikasema labda haikutosha. Ndo zikazidi." Akakaa chini sakafuni. "Ustadhi peke yake ndiye aliyebaki ananiamini. Jana mama mmoja kamtuma mtu aje achukue mashuka yake kabla hata sijayalowesha. Kaka yangu yuko Kisaki, analima mpunga. Begi nimeshapanga. Hizi kanzu nikizirudisha hivi, Maulidi haitanikuta hapa."

"Ni kutu tu hiyo," nikamwambia. "Kutu ya bomba. Inatoka."

Nililisema kwa uhakika wote wa fundi wa maabara. Hapo ndipo ninapowataka mtulie, vijana, kwa sababu kosa letu lote lilikuwa kwenye neno hilo. Sisi kwa Kiswahili chetu doa lolote la kahawia linalotoka kwenye maji tunaliita kutu. Likishaitwa kutu, mkosaji ameshapatikana: ni chuma. Hakuna anayeuliza tena. Mtaa mzima ulisema kutu, fundi wa kisima alisema kutu, nami nikasema kutu.

"Kutu ya bomba lipi, dada?" Mwajuma akauliza. "Bomba langu plastiki. Tangi plastiki. Koki plastiki. Hata ndoo."

Nikaenda naye mpaka kwake, nikapanda ngazi, nikafunua tangi. Ndani ya kuta zake kulikuwa na utando mweusi, laini, unaoteleza. Nikaukwangua kwa kijiko, nikautia kwenye chupa. Nikachota na maji. Chupa zote mbili nikaziandika majina, maana Mzee Kibwana asingenisamehe.

Asubuhi nikamwambia Mwajuma tuongozane shuleni. Hakutaka. "Mimi niingie maabara nifanye nini?" Nikamwambia, "Ukamtazame anayekuharibia jina." Akavaa khanga zake, akaja.

Mwalimu Neema alikuwa na kipindi huru. Nikamweleza, akavaa koti mara moja. Tukaanza na chuma, kwani chuma kinaweza kutoka ardhini hata kama bomba ni la plastiki. Kuna dawa ambayo ikikutana na chuma kilichoyeyuka hugeuka nyekundu kama juisi ya rozela. Nililoweka misumari ya kutu kwenye tindikali ili tuwe na cha kulinganishia. Mwalimu Neema akadondosha: maji ya misumari yakawa mekundu hapohapo. Akadondosha kwenye maji ya Mwajuma. Tukasubiri. Yakabaki maji.

Akarudia. Yakabaki maji.

"Mama Bosko," akaniambia, maana ndivyo wanavyoniita, "hapa chuma hamna, hamna kabisa."

"Sasa kahawia imetoka wapi?"

"Sijui," alisema. Nilimpenda zaidi kwa jibu hilo. Nimefanya kazi na watu ambao wangetunga jambo.

Mwajuma alikuwa ananitazama mimi. Nikageuka kutazama ukuta wa nyuma, kwa mazoea tu, nikakutana na jedwali lile la karatasi. Lakini mimi nikitazama pale huona mtaa. Na nikamkumbuka Mzee Kibwana alivyokuwa akisema jaribio likikataa: "Ukibisha hodi mtu akawa hayupo, usirudi nyumbani. Uliza kwa jirani."

Chuma yuko nyumba ya ishirini na sita. Kulia kwake kobalti, nyumba ya ishirini na saba. Huyo kumkuta kisimani kwa wingi wa kuchafua nguo ni jambo la nadra. Kushoto kwake, nyumba ya ishirini na tano, manganisi. Zambarau yenye kona nyeusi. Nikakumbuka ule utando kwenye kijiko.

"Neema," nikasema, "tumuulize wa kushoto."

Jaribio lenyewe ni la kizamani, siku hizi mnalitazama kwenye simu. Tulichukua ule utando mweusi, tukaukausha, tukauchanganya na soda ya kufulia na shura kidogo, ile chumvi inayotumika kutengenezea baruti. Tukautia kwenye kibakuli cha kaure, tukauweka juu ya moto mkali mpaka ukayeyuka. Mwajuma alisogea nyuma, kisha akasogea mbele. Kibakuli kilipopoa, kilichokuwa cheusi kilikuwa kijani, kijani iliyokolea kama mchicha uliopikwa ukaiva.

"Jamani!" Mwajuma akasema. "Mbona kimegeuka?"

"Ngoja."

Tukakiyeyusha kwenye maji, maji yakawa kijani. Mwalimu Neema akadondosha tindikali kidogo, na mbele ya macho yetu kijani ikageuka zambarau.

Mwajuma akashika mdomo. "Hiyo naijua! Si ile ya hospitali, ya kuoshea vidonda?"

Ndiyo yenyewe. Ile dawa ya zambarau ina manganisi ndani yake. Ndipo tukamweleza, tukipokezana. Manganisi ana kabati la nguo kubwa kuliko jirani zake wote. Kule chini ya ardhi, ambako hewa haifiki, huvaa nguo isiyoonekana. Maji yanatoka meupe, hata mimi yakanipita. Akikutana na hewa anaanza kubadili nguo polepole, ndiyo ule utando wa kwenye tangi. Na akikutana na blichi anabadili papo hapo, anakuwa kahawia, anakuwa mweusi, na kama wakati huo yuko ndani ya uzi wa kanzu, basi anakaa humo humo. Kila kifuniko cha blichi alichoongeza Mwajuma kilikuwa kinamvalisha manganisi nguo nyeusi ndani ya kanzu nyeupe.

Mimi neno hilo mpito tangu siku ile nalisikia kwa masikio mawili. Wanaitwa hivyo kwa sababu mtaa wao ni njia ya kupita kutoka kushoto kwenda kulia, na hilo ndilo la kuandika kwenye mtihani. Lakini hawa nao wenyewe hawatulii. Wanapita kutoka hali hadi hali, na kila hali ina rangi yake, na wanaweza kurudi walikotoka.

Mwajuma aliinamia ile zambarau. Machozi yakamtoka. "Kwa hiyo si mikono yangu," akasema.

"Si mikono yako."

"Rudia, dada."

"Mwajuma, si mikono yako."

Akajifuta kwa ncha ya khanga, akapenga kamasi, akawa dobi tena. "Haya. Na anatokaje?"

Kama manganisi anaweza kupanda hali, anaweza na kushuka. Vyombo vya maabara vikiingiwa na zambarau hiyo vikabaki na madoa ya kahawia, sisi tulivisafisha kwa vitamini C, tindikali iliyomo kwenye mapera na machungwa. Nikadondosha kidogo kwenye ile chupa ya zambarau. Ikafutika, ikawa maji. Mwajuma akacheka kwa sauti mpaka wasichana wakachungulia dirishani.

Kufua sasa. Tulifanyia kwake, milango wazi, kwa amri yake mwenyewe. Kwanza suuza blichi yote itoke, tena kwa maji ya mvua, na bahati mawingu yalikuwa yameshuka kutoka mlimani na pipa la chini ya bati limejaa. Hili mlishike: blichi isikutane na ndimu, siki wala tindikali yoyote. Hewa inayotoka hapo inakaba koo na inaweza kuua. Suuza, suuza tena, unuse kwa kupunga mkono. Kisha tukasaga tembe za vitamini C kwenye maji ya vuguvugu. Beseni la kwanza nililiharibu mimi. Nilinunua tembe za watoto, zile tamu, na leso ya majaribio ikatoka rangi ya embe dodo. Mwajuma akaniambia, "Dada, tulikuwa na tatizo moja." Nikarudi dukani kuchukua zile nyeupe.

Tukalowesha kanzu ya kwanza. Ilikuwa kama kuona chai inarudi kuwa maziwa. Kahawia ikalegea, yale mabaka ya kifuani yakapungua, yakatoweka. Tulikuwa tunageuza kanzu moja baada ya nyingine, majirani wakaanza kusimama uani, mmoja wao yule yule mwenye mashuka.

Halafu Mwajuma akauliza swali ambalo mimi na Mwalimu Neema hatukuwa tumelifikia, tulikuwa bado tunafurahia kanzu. "Sawa, hizi zimetoka. Na kesho? Maji ni yale yale. Kama blichi inamvalisha nguo akaonekana, kwa nini tusimvalishe kwenye pipa kabla hajafika kwenye nguo?"

Tukakaa chini sote watatu tukalipanga. Maji yanaingia pipa la kwanza, yanakorogwa yapate hewa, yanatiwa blichi kidogo sana, yanaachwa yatulie. Manganisi anavaa weusi wake mle mle pipani na kuzama. Yanachujwa kwenye ndoo ya mchanga na kitambaa, ndipo yanafika kwenye beseni. Tulikosea vipimo mara kadhaa, mchanga wa kwanza ulikuwa na udongo, lakini tulifika. Ni maji ya kufulia hayo. Ya kunywa nilimshauri ayapeleke kupimwa kwanza.

Siku ya Maulidi nilisimama kando ya barabara na khanga yangu kichwani, Mwajuma ubavuni, Mkatoliki wa Mgeta nikiwasubiri watoto wa madrasa kwa hamu kuliko mama zao walivyowasubiri. Wakaja kwa mstari, dufu mbele. Kanzu zilikuwa nyeupe hivi kwamba niliona haya kuzitazama, nikawa natazama viatu vyao. Ustadhi alipopita alimsalimia Mwajuma, akamwambia tu, "Bi Mwajuma, na zile za watu wazima nitazileta Jumatatu." Mwajuma akaitikia vizuri. Ustadhi alipokwisha kupita ndipo Mwajuma aliponikamata mkono akaubana hadi ukaniuma.

Mimi nimestaafu sasa. Siku za kuanika huwa naketi uani kwa Mwajuma, naye ana tabia moja aliyoianza tangu wakati ule. Ananiuliza mtaa. "Huyu manganisi, kushoto kwake nani?" Kromi. "Ana rangi gani?" Namweleza. Akirudi kutoka kwenye kamba: "Na kushoto kwa kromi?" Tukapita kwa vanadi na mistari yake, tukapita kwa titani na ukuta wa Mzee Kibwana, tukarudi tukaenda kulia, kobalti, nikeli, shaba ya mrututu wa baba. Namweleza kila mmoja, na nisipojua namwambia sijui, namuuliza Neema.

Wiki iliyopita tukafika kwenye zile nyumba za ncha. Skandi mwanzoni, zinki mwishoni. Nilipofungua mdomo kumwambia rangi zao, ndipo mimi mwenyewe nilipoelewa. Skandi akiungana na wenzake, chumba chake cha ndani huwa kitupu. Zinki chumba chake kimejaa hadi mlangoni, na wataalamu wengine hata hubishana kama ni mkazi halali wa mtaa. Chumba kikiwa kitupu au kikijaa, hakuna wa kuruka, hakuna rangi. Mzee Kibwana hakuishiwa na rangi. Zile nyumba mbili alizimaliza kama zilivyo.

"Nyeupe," nikamwambia Mwajuma. "Wa kwanza na wa mwisho, wote wawili wanavaa nyeupe."

Alikuwa ameshika shuka mikononi. "Basi dada, huko ndiko kwa kuhamia."

Nikamtazama haraka, maana neno hilo kuhama sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu siku ya beseni lililofunikwa. Akaliona jicho langu, akacheka.

"Sihami bwana. Nikihama huku katikati nani atawafulia?"

Akainama, akaingiza mkono kwenye lile begi alilolipangia safari ya Kisaki, akatoa vibanio vya nguo, akaendelea kuanika.